Vidole Vinne vya Upindo

Kilosa,
6 Machi 2022

Mwanangu Upendo,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mikumi, wewe na mume wako Simoni. Mimi mzima, isipokuwa huu mguu wa kukanyagia cherehani, ambao ulianza kulalamika wewe ungali shule ya msingi na hautanyamaza leo. Mvua zimeanza. Mto haujatoka kwenye kingo zake, tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Nilipiga mpaka jirani yangu Agatha akaniambia, dada, mwache mtoto apumue. Nimekuacha upumue. Barua haina mlio, utaisoma siku utakayotaka.

Godfrey, kondakta wa basi la Mikumi, ndiye aliyeniambia umejifungua mtoto wa kike. Habari ya mjukuu wangu nimeipata stendi, nimeshika fungu la mchicha. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani nikalia, kisha nikapika.

Najua kilichokukausha moyo. Yule wa kwanza nilimshonea angali tumboni mwako: kofia, vishati vya flana, na lile gauni jeupe. Mama zetu walinikataza. Walisema mtoto hushonewa akishaonekana, nami nikawacheka, nikasema hayo ni ya zamani. Akaishi wiki moja, tukamzika hapa nyuma ya nyumba na gauni lile lile. Ukaniambia mbele ya watu wote msibani kwamba nilimshonea sanda. Tangu siku hiyo hujakanyaga Kilosa.

Safari hii niliposikia una mimba, nilishonea watoto wa mji mzima, wako sikumgusa. Sasa ameonekana. Nipimie kwa uzi, mmoja wa kifuani, mmoja kutoka begani hadi gotini, ufunge fundo mwishoni. Mpe Godfrey.

Ni mimi mama yako,
Sikuzani


Mikumi,
11 Aprili 2022

Mama, shikamoo.

Natumaini mguu umepata nafuu. Sisi tuko salama. Simoni bado yuko palepale gereji, anaziba matairi ya malori usiku na mchana. Mimi nimeacha kwa muda kuuza chakula kando ya barabara, mpaka mtoto akaze shingo.

Tumempa jina lako. Simoni ndiye aliyelitaja, mimi nikanyamaza, naye akahesabu kimya changu kuwa ndiyo. Kwa hiyo una somo wako hapa.

Nyuzi ni hizi. Lakini mama, nina sharti. Mshonee mtoto wa leo. Usimshonee wa mwezi ujao wala wa mwakani. Mimi nimepewa mtoto wa leo tu, huyo wa kesho sijaonyeshwa. Ukishindwa sharti hilo, uniambie mapema, nitanunua mtumba.

Kuja Kilosa bado siwezi. Usiniulize.

Mwanao,
Upendo


Kilosa,
29 Aprili 2022

Marahaba mwanangu, na marahaba ya pili kwa huyo somo wangu asiyejua bado kuamkia.

Niliposoma jina nilikaa chini. Agatha akadhani nimepata habari mbaya.

Nimeshona gauni la kitenge chepesi, kofia na bibu mbili. Shingoni nimeweka kamba badala ya kifungo, watoto hutafuna vifungo. Upindo nimeacha vidole vinne, kama kawaida yangu. Watoto wote wa mtaa huu wamekulia ndani ya vidole vyangu vinne. Akirefuka, fumua ushushe, gauni linakuwa jipya.

Mtumba utamnunulia mimi nikiwa sipo.

Mama yako,
Sikuzani


Mikumi,
20 Mei 2022

Mama, shikamoo.

Gauni limemkaa vizuri mno. Majirani wananiuliza nimelinunua wapi. Ila upindo nimeukata kwa mkasi. Usikasirike. Niliukunjua nikaona umemshonea mtoto wa mwakani, umemficha ndani ya huyu wa leo. Fundi wa hapa sokoni amelipinda upya kwa kidole kimoja. Aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Tafadhali, yajayo yawe hivyo hivyo. Kidole kimoja.

Mwanao,
Upendo


Kilosa,
15 Oktoba 2023

Mwanangu Upendo,

Habari za huko? Habari za mkwe wangu? Godfrey ananiambia somo wangu anakimbia sasa, na kwamba amemtukana kondakta mzima kwa kumnyima dirisha. Amerithi kwangu.

Tangu mwaka jana nimekutii. Uzi ukija nashona, kidole kimoja, gauni likimbana unaleta uzi mwingine. Sijawahi kushona nguo za watoto kwa aibu namna hiyo, lakini nimekutii.

Sasa nisikilize. Jicho langu la kushoto limezima. La kulia naona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Nilikwenda Morogoro, sikukuambia. Daktari akasema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi. Amenipa dawa ya matone ishike kilichobaki, na hakusema kitashika mpaka lini. Kutunga uzi kwenye sindano ni shughuli ya asubuhi nzima.

Kwa hiyo nimevunja sharti lako. Sikuweza kungoja nyuzi zako mwanga unaniishia. Kwenye kifurushi hiki kuna gauni la miaka mitatu, la minne, la mitano na la sita. Chini kabisa kuna sketi ya bluu na shati jeupe, sare ya darasa la kwanza. Nimeshona kwa kukisia, nikikukumbuka wewe ulivyokuwa ukikua. Hizo zote nimeziachia vidole vinne, maana huko mbele sitakuwepo kuzirekebisha.

Sitaki mjukuu wangu aende shule na nguo ya mkono wa mtu mwingine. Hilo tu ndilo ninalolitaka duniani sasa hivi, na nimelisema.

Mama yako,
Sikuzani


Mikumi,
8 Novemba 2023

Mama, shikamoo. Mama, pole kwa macho.

Kifurushi kilifika Alhamisi. Sikukifungua, nilisoma barua tu. Jumamosi mtoto akashikwa na homa, Jumapili akaanza kutetemeka mpaka macho yakageuka. Tukamkimbiza hospitali. Malaria kali, damu imeisha, akaongezewa. Nimekaa kando ya kitanda kile, na kilichokuwa mbele ya macho yangu ni sketi ya bluu. Nilikuwa naiona imekunjwa, mpya, haina mtu wa kuivaa.

Najua ni mbu, mama. Nimesoma mpaka kidato cha nne, mbu namjua. Lakini saa ile ningemlaumu hata jogoo.

Amepona. Anakula, anagombana na baba yake. Lakini kifurushi siwezi kulala nacho nyumba moja. Nimempa Godfrey akurudishie. Si kwamba sikupendi. Wa kwanza alishonewa akafa, wa pili ameshonewa mpaka darasa la kwanza na wiki hiyo hiyo akaponea chupuchupu. Ungekuwa mimi ungefanya nini?

Simoni anasema uje ukae na sisi, tukutunze. Nami nasema hivyo. Njoo, lakini uje mikono mitupu.

Mwanao,
Upendo


Kilosa,
18 Februari 2024

Mwanangu,

Nashukuru Mungu mtoto amepona. Hilo ndilo la kwanza, mengine yanafuata.

Nilikasirika. Godfrey aliponiwekea kile kifurushi barazani sikumjibu hata salamu, na siku hiyo sikula. Nikasema, mtoto niliyemzaa ananirudishia nguo kama nimeshona uchawi. Nimekaa na hasira hiyo Krismasi nzima. Uliniuliza ningefanya nini. Nimefikiri, na jibu ni kwamba ningefanya kama wewe. Labda hata ningekichoma moto.

Nikaenda kuwauliza wale mama wawili waliobaki, walionikataza enzi zile. Wakaniambia kitambaa hakikukatazwa. Wao wenyewe walikuwa wakikata mapema na kuunga pande, wakaweka sandukuni. Kilichokatazwa ni kumaliza. Nguo isiyopindwa na isiyo na vifungo haijawa nguo, na haina mwenyewe. Mtoto akifika, ndipo mama anammalizia. Mimi kosa langu nilimaliza.

Basi nimefumua. Pindo zote, gauni moja baada ya jingine, kwa wembe na vidole, maana macho hayakunisaidia kitu. Nimejikata kidogo. Vifungo nimevikata vyote nikavitia kwenye kopo la mafuta ya kupaka. Sketi ya bluu haina upindo wala lastiki. Kwa sasa hakuna mtoto aliyeshonewa, Upendo. Nakurudishia kifurushi pamoja na hilo kopo kwa mkono wa Godfrey, una vitambaa tu. Hivyo unaweza kulala navyo nyumba moja.

Utamalizia wewe, moja moja, kila mtoto akilifikia gauni lake. Najua hujui. Ulikataa kujifunza, ukasema cherehani ni kazi ya vibibi. Sasa sikiliza kibibi. Mvalishe kwanza, umwambie asimame wima. Hatasimama, basi mpe ndizi. Tia alama kwa chaki chini kidogo ya goti, umvue. Kitambaa kinachobaki chini ya alama ni vidole vinne, kikunje chote kwa ndani, usikate. Shona kwa mkono, mishono midogo, usivute uzi mpaka kitambaa kikunjamane.

Kuja kwenu siwezi. Hapa kila ukuta naujua kwa mkono, huko malori yatanimaliza. Na yule mdogo aliyelala hapo nyuma ya nyumba, nikiondoka nani atamfyekea kaburi? Nyasi za masika hazingoji mtu.

Hii ndiyo barua ya mwisho kwa mkono wangu. Mistari inapandana, naambiwa.

Mama yako,
Sikuzani


Mikumi,
2 Machi 2025

Mama, shikamoo. Natumaini Agatha anakusomea polepole.

Najua nimekaa kimya mwaka mzima, zaidi ya kumpigia Agatha kumuuliza hali yako. Aliponiambia mwanga umekwisha kabisa nilikata simu.

Kifurushi kilikaa juu ya kabati. Kila nikifagia nakiona. Mwezi uliopita mtoto alitimiza miaka mitatu, na wiki iliyopita nikakishusha. Nilimvalisha gauni la kwanza, nikampa ndizi. Mama, ulikisia bila uzi na mabega yamekaa pale pale.

Nimelimalizia. Nimejichoma vidole vyote. Nakutumia ulipapase, kisha unirudishie. Sema ukweli.

Mwanao,
Upendo


Kilosa,
30 Machi 2025

Upendo,

Anayeandika ni mimi Agatha, maneno ni ya mama yako. Amesema nisipambe.

Marahaba. Mimi mzima, giza nimelizoea kuliko nilivyodhani. Gauni limefika. Nimelipapasa kuanzia shingoni. Vifungo vimekaa imara. Mshono wa upindo umekwenda upogo kama mtu anayetoka kilabuni, lakini unashika, na wa kwanza wangu haukuwa bora kuliko huo.

Halafu nikapima. Kidole kimoja. Umekata tena.

Mimba ilipokuogopesha nilikuelewa. Homa ilipokuogopesha nilikuelewa pia. Sasa mtoto ana miaka mitatu, anaimba, Simoni alimwimbisha kwenye simu nikamsikia, na wewe bado unamshonea wa leo. Yule mdogo hakufa kwa sababu ya upindo, wala huyu haishi kwa sababu unamkatia. Huyu anakua. Siku moja ataangalia nguo zake, aone mama yake hakumwachia nafasi hata kidogo.

Sikulaumu. Ninaye wewe mmoja, na mkono wako unaogopa, nimeusikia kwenye kitambaa. Ila mimi sasa sina macho ya kukuonea mbele. Itabidi uangalie mwenyewe.

Kile kipande ulichokata, umekitupa?

Mama yako,
Sikuzani


Mikumi,
25 Mei 2025

Mama, shikamoo.

Sikukitupa. Kilikuwa kwenye kopo la vifungo. Sijui kwa nini nilikiweka.

Nimefumua ule upindo, nimekiunga tena kile kipande, nimekunja chote kwa ndani. Mshono wa kuungia unasikika ukipitisha kidole, lakini kwa nje hauonekani. Nimepima kwa mkono wangu. Vidole vinne.

Hizo nyingine sijazigusa. Zinangoja zamu yake, na sketi ya bluu iko chini kabisa. Nimeitazama, nikairudisha, nikaenda kupika.

Jumamosi tunapanda basi la Godfrey, mimi na mtoto. Mwambie Agatha anitafutie panga na kumwagilia maji ile njia ya nyuma isitie vumbi. Usimlipe mtu kufyeka mwaka huu, nitalifyeka kaburi mimi mwenyewe.

Gauni sikutumii. Utalipapasa Jumamosi, somo wako atakuwa amelivaa.

Mwanao,
Upendo