Mlango wa Mama Ghati

Fundi Chacha,

Shikamoo. Ungekuwa hai ungenijibu, "Marahaba, Msukuma, umeamkaje na uvivu wako," na mimi ningecheka. Leo nimekaa karakanani kwako, kwenye kile kiti cha plastiki ulichokifunga waya, nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya na nikilisema hakuna anayenielewa. Sitazunguka. Nimekuharibia jina.

Tangu tukuzike ni miezi mitano sasa. Kewanja imezidi kujaa. Wachimbaji wanashuka kila siku kutoka Kahama, Geita, hata Singida, na kila aliyepata kadhahabu kidogo anajenga duka na anataka mlango wa kioo kama wa benki. Kazi zipo tele. Ningekuwa nakuandikia kwamba kazi zimekosekana, ningeona afadhali.

Unalikumbuka duka la dawa la Mama Ghati, pale malori ya mawe yanapokata kona. Ulilipima wewe, wiki ile miguu ilipoanza kukuvimba. Mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine unapima, kisha ukaandika kwa penseli juu ya plasta: 220, na chini yake 110. Nilitaka kukusaidia ukanifukuza, ukiniita kijana kwa Kikurya chenu. "Mura, shika pimamaji, mambo ya namba niachie." Ilikuwa kazi yako ya mwisho. Jumanne ulikwenda hospitali, ukarudi ndani ya sanduku.

Futi yako ya kupimia unaijua, lakini acha niielezee, maana siku hizi hakuna anayeniacha nifike mwisho. Ilikatika mwanzoni, sentimita kumi za kwanza hazikuwepo, na ulikataa kununua nyingine. Ulikuwa ukianzia kwenye kumi, unaandika ukutani namba uliyoisoma, na siku ya kuagiza kioo ndipo unatoa kumi kichwani. Mimi nilidhani ni ubahili. Mpaka siku ile tunakula ugali na dagaa kule Genkuru ukanieleza kwamba mafundi wenzetu hupita tukishaondoka, wananakili vipimo vyetu, halafu wanamwendea mwenye duka na maneno matamu. Waache wanakili, ukasema. Yule fundi wa Sirari alinakili, mlango wake ukagoma kuingia, na wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kila nilipotaka kupiga simu Mwanza kuagiza, ulinigusa bega: "Mura, toa kumi." Tulikuwa wawili tu tuliojua.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikwenda dukani kwa Mama Ghati kuagiza kile kioo. Nikauona mwandiko wako ukutani, ile mbili yako yenye mkia mrefu, machozi yakanitoka. Kwenye simu wakauliza vipimo. Nikasoma kama vilivyo. Mia mbili ishirini kwa mia moja na kumi. Sikutoa kitu. Mtego uliowategea wezi nimeingia mimi, uliyenitoa kwenye kuponda mawe ukanifundisha kazi ya watu.

Kioo kilikuja kimefungwa mablanketi. Tulikishusha watu wanne, na Mama Ghati alikuwa ametandika khanga yake mpya chini ili kisiguse mchanga. Nikakisimamisha mlangoni, na hapo hapo nikaelewa. Kimezidi juu, kimezidi pembeni. Na kile ni kioo kigumu, kikishatoka kwenye tanuri la kiwandani hakikatwi tena, ukikigusa na msumeno kinamwagika chote chini kama changarawe. Kile kilichokuja kichwani kwanza, fundi, hakikuwa wewe. Kilikuwa kwamba nimeshapoteza kazi, narudi kuponda mawe.

Mama Ghati akauliza, "Nani alipima?" Watu walikuwa wameshajaa. Sikusema uongo. Nilinyoosha kidole tu, nikaonyesha namba zako za penseli.

Akasogea, akasoma, akaweka mkono kifuani. "Maskini, kumbe alikuwa ameshaumwa hivyo." Hakunitukana. Akasema marehemu hasemwi vibaya. Lakini wamesema. Kufika Jumapili, nje ya kanisa, wanaambizana kwamba Chacha alikuwa haoni, Chacha alikuwa anachanganya namba. Mwenye gesti ya Genkuru amemwita fundi mwingine akague milango yote uliyomwekea. Wewe, uliyerudi kule kwa miguu juani kwa ajili ya skrubu moja iliyolegea. Mimi wananionea huruma na wananipa kazi. Wiki ijayo nimeitwa Robanda, kuna kambi ya watalii inataka mlango wa mapokezi. Wamesikia mimi ni fundi mzuri niliyeponzwa na mzee wangu.

Na bado sijakwambia baya zaidi. Siku ile ile ya kioo niliichukua futi yako nikaitupa kwenye choo cha shimo. Niliogopa mtu asije akailinganisha na nyingine. Naona aibu hata kuandika.

Kisha akaja mkeo, mama Bhoke. Alikuwa amesikia sokoni. Hakukaa, alisimama tu akaniuliza kama ni kweli ulikuwa umeanza kuchanganyikiwa na ukamficha. Nikaangalia chini. Nikamjibu, "Ni ugonjwa, mama." Akalia kwamba ulikuwa umefikia hapo na yeye mke wako hakuona. Mwezi uliopita alivuka Sirari akaenda kwa kaka zake upande wa Kenya. Alisema hawezi kuishi mahali ambapo mume wake anachekwa. Funguo za karakana aliniachia mimi, akasema ndivyo ungependa.

Jana nilishindwa kuvumilia. Asubuhi nikaenda kwa Mama Ghati. Mlango wake mpaka leo ni wa bati, na kile kioo kimeegemea ukuta wa nyuma, kuku wanalala chini yake. Vumbi la malori limetanda juu ya maboksi ya dawa, anapangusa huku ananisikiliza. Nikamwambia yote. Futi, kumi, wezi wa vipimo, simu ya Mwanza. Akaniuliza, "Futi yenyewe iko wapi?" Nikamwambia nimeitupa chooni. Aliniangalia sana, machozi yakamlengalenga, akanishika mkono. "Mwanangu, una moyo mzuri. Unambebea marehemu kosa lake. Mungu atakulipa."

Nilibisha. Nilipandisha sauti mpaka wateja wakageuka, na yeye akawaambia, oneni jinsi mtu anavyompenda mwalimu wake. Nilipofika gengeni nikakuta habari imenitangulia. Wananisifu, na mmoja akanilipia chai. Niliinywa, fundi. Sikujua nifanye nini kingine.

Sioni njia. Nilinyamaza wakaniamini, nimesema hawaniamini. Hata nikisimama mbele ya kanisa zima, nitashuka pale nikiwa mwema zaidi na wewe ukiwa mgonjwa zaidi.

Pumzika, mzee wangu, kama jina baya linamruhusu mtu kupumzika. Nakuahidi moja tu, maana jingine sina. Keshokutwa navuka Sirari kumtafuta mama Bhoke, na sirudi kabla sijamwambia. Labda aliwahi kukuona ukianzia kwenye kumi. Akielewa, atajua kwamba nilimwacha alie bure, atachukua funguo zake na kunifukuza, na nitamshukuru. Ninachoogopa ni kwamba atanisikiliza mpaka mwisho, atanikaribisha chakula, na ataniambia nina moyo mzuri.

Mwanafunzi wako,
Shija