Begi la Simu na Maji ya Mjomba Nikodemo

Nkuhungu,
Dodoma.
17 Agosti, 2025

Mpendwa binamu yangu Denis,

Pokea salamu kutoka kwa mtu mwenye bahati kuliko wote waliozaliwa kati ya Mvumi na Nkuhungu. Usicheke. Waliosoma ni wengi, wenye magari ni wengi, hata wakubwa wa serikali siku hizi tunapishana nao sokoni kwenye vitunguu. Lakini mtu wa kwanza katika mji huu kupiga simu akiwa ameketi ndani ya gari, kiwiko dirishani, ni mmoja tu, na ndiye anayekuandikia.

U hali gani lakini? Mguu unaendeleaje? Shemeji Josephine bado anakunyima chumvi? Mwambie aendelee, wewe tangu utotoni ulikuwa unalamba mawe ya chumvi ya ng'ombe. Sisi huku ni wazima. Mama yangu Loisi, shangazi yako, ametimiza miaka themanini na sita na bado anagombeza kuku kwa Kigogo safi. Upepo umetujazia vumbi mpaka kwenye chai. Zabibu zinaiva, na Antonia amenikataza kuonja, anasema nikianza kuonja hazifiki sokoni.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu tunazo. Barua hii nimempa dereva wa lori anayepitia mpaka wa Tunduma kuja huko kwenu Kitwe. Sababu ninayo, utaiona mbele.

Juzi Antonia alikuwa anasafisha stoo, akaburuta kitu kizito kutoka chini ya magunia. Akaniita, "Baba Ruthu, hili jiwe lako la ujana nilitupe?"

"Jiwe? Hilo ndilo lililokufanya unikubali!"

"Nilikukubali kwa huruma. Ulikuwa unatembea umeinama upande mmoja, nikadhani umeteguka bega."

Lilikuwa begi la simu, Denis! Lile la Injinia Wilbert wa mradi wa visima, ambaye nilikuwa nikimwendeshea Landikruza yake. Ngozi nyeusi, zipu ya shaba, ndani betri kama tofali la kuchoma, na mkonga wenye waya uliojikunjakunja kama mkia wa nguruwe. Antena yake ukiivuta ilikuwa inagusa paa la gari. Injinia alilinunua Dar mwaka tisini na tano, akaja nalo huku likawa linakaa kiti cha mbele, na mimi nikalifunga mkanda. Abiria alikuwa anakaa nyuma. Ningefanyaje? Abiria akianguka anainuka mwenyewe.

Unakumbuka nilivyokuandikia? Nikiegesha pale Makole watu walikuwa wanajaa dirishani. "Batho, hebu mwite mzungu!" Nami nanyanyua mkonga, nakunja uso: "Haloo, Landani? Hapa Dodoma, mvua bado." Wanawake walikuwa wanaacha mchicha wao kunisikiliza. Siku hizi kila mchunga mbuzi ana simu mfukoni na hakuna anayemgeukia. Nimekaa nalo mapajani siku mbili nikijiuliza: kitu kile kilikuwa na nini? Uzito? Au ni kwa sababu tulikuwa hatujui kinafanyaje kazi? Maana mimi, darasa la saba langu lote, sikuwahi kujua sauti inapita wapi.

Basi nikalibeba hadi Makole kwa Shakila, mwanamke wa Kondoa, fundi simu hodari kuliko wanaume wote wa mtaa ule. Alipoliona alisahau wateja. Akazima redio, akavua hata viatu, sijui kwa nini.

"Mzee, nimesoma habari za hizi, sijawahi kushika. Hizi ni za analojia. Mtu mwenye redio nzuri alikuwa anaweza kuyasikiliza maongezi yenu yote."

Nikamuuliza ile sauti ya "shiii" niliyokuwa naisikia nikiweka mkonga sikioni ilikuwa nini. Nimeishi na swali hilo miaka ishirini na tisa, sijapata wa kumuuliza. Akanitazama kwa jicho moja, kama anavyotazama simu iliyoanguka chooni.

"Ulikuwa unaisikilizia wapi, Dar?"

"Hapa hapa. Na Mvumi."

Akaanza kufungua skrubu za mkonga. Ndani ya sehemu ya kusemea palikuwa na kutu, na ukoko wa kijani umeshika kile kijisahani kinachopokea sauti.

"Hii iliingia maji," akasema. "Tena si ya mvua, begi ni zima. Mtu aliyamwaga hapa hapa mdomoni. Nani alikunywa maji na simu?"

Denis, sikungoja kukaribishwa. Nikakaa kwenye ndoo yake.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa sauti, ule wa kuhusu Frank, rafiki yako wa karakana. Nimeusikiliza mara sita. Kwamba anaumwa, kwamba hatainuka tena, kwamba amekutumia mtu mara mbili uende mkaonane, nawe umejibu huendi mpaka akiri kwamba siku ile alipokea simu ya baba yako akaficha. Miaka ishirini na tisa humsalimii mtu mliyelala naye chumba kimoja. Kwa sababu ya barua yangu niliyosema yeye ndiye aliyepokea.

Acha nikueleze siku ile ilivyokuwa, kwa kuwa kwenye barua ile niliandika mistari minne tu. Mjomba Nikodemo alikuwa kitandani pale Mvumi, amebaki macho na sauti. Mama alikuwa pembeni yake. Niliingia na begi begani, maana Injinia alikuwa ameniachia gari siku nzima. Mjomba akalitazama.

"Batho, hicho kidude kinafika Kitwe?"

"Mjomba, kinafika hata Amerika, labda wakatae wenyewe."

"Basi niitie mwanangu."

Namba ya karakana yenu nilikuwa nayo, ile uliyotuandikia kwamba tumwulize Frank wa stoo. Nikabonyeza. Nikamwambia mjomba Frank ndiye aliyepokea, wewe umetoka kikazi, aseme tu yatakufikia. Mjomba akafikiri kidogo. Akasema, "Kama ni rafiki yake, asimame mahali pake. Mwambie avue kofia."

Nikasema kwenye mkonga, "Frank, vua kofia." Mama akafunika mdomo kwa kanga.

Akaomba maji. Akayashika mdomoni kama wazee wetu wanavyofanya wakibariki, akaupulizia mkonga, fyuuu! Mengine yakanipata usoni. Kisha akasema, taratibu, kwa Kigogo, nami nakuwekea kwa Kiswahili: "Yule mtamba wa ng'ombe uliyemuuza upate nauli, hukumwiba. Nimekupa mimi. Nenda, uzae, ulale bila hofu." Akarudia mara mbili, "hukumwiba." Siku ya tatu akatutoka.

Begi halikuwaka tena. Injinia alifoka wiki nzima, halafu akaniambia nibaki nalo, ndipo likawa langu.

Kile kijisahani Shakila amekitoa, nimekifunga kwenye kitambaa, kimo humu ndani ya bahasha. Usikisafishe. Ukoko huo ni maji ya baba yako.

Mama Loisi anakusalimu, anasema uje kabla hajachoka kukusubiri. Antonia anakusalimu. Ruthu naye, na mumewe. Nisalimie shemeji Josephine na wajukuu wote, hata yule anayeniita Babu Mwongo. Mungu wa baba zetu akuongoze barabarani, maana utatoka leo hii kabla hujakunja karatasi hii.

Kwenye simu ningekuchekesha na jambo lingepita. Kwa hiyo naliandika. Dodoma ya mwaka ule haikuwa na mnara wa simu zile hata mmoja. Injinia alinieleza siku ya kwanza tu. Hakuna Landani, hakuna Kitwe. Shakila anasema ile "shiii" ni simu ikitafuta mnara isiouona. Baba yako alikubariki, hilo mama ni shahidi na kutu ni shahidi. Niliogopa ukijua simu ilikuwa ya uongo utadhani na msamaha ulikuwa wa uongo, ndiyo maana nilimweka Frank katikati. Halafu nikanogewa na uongo wangu.

Frank hakupokea simu yoyote. Nenda kwake. Umwambie avue kofia, naye ana sehemu yake katika maji yale.

Mimi sijawahi kumpigia mtu simu kwa begi lile, hata siku moja.

Ni mimi mtani wako, nikupendaye kwa aibu,
Batholomeo