Damu ya Halima Haikungoja

Garissa, Jumatatu

"Damu ni damu, itangoja." Ndivyo karani wa maabara alivyoniambia Ijumaa. Uongo! Seli zikifa, alama za nje yake hazisomeki tena. Leo maabara ya Nairobi imeikataa damu ya dada yangu Halima, iliyokaa hapa wikendi nzima.

Miaka mitatu anajikuna, akiambiwa ni upele. Sasa daktari anashuku saratani ya seli T, askari wa damu. Askari walio wagonjwa hukosa alama fulani.

Kaka yetu mfugaji alielewa upesi: "Walaal, ndugu yangu, kumbe wanatafuta ngamia asiye na chapa ya ukoo!"

Halima hakucheka. "Mara hii watatoboa mkono gani?"

Naogopa.

Ninyi wa maabara, kesho mkimtoa damu, isafirisheni kesho hiyo hiyo.