Kidoti Chini ya Sikio

Jumatatu, 4 Machi 1957
Asubuhi nzima nimesaga rangi nyeupe. Unyevu mtupu, turubai ya juzi bado mbichi. Adhuhuri akaja Bwana Nassor, mwenye mashamba ya karafuu njia ya Kizimbani. Yapata miezi minne tangu mkewe, Bi Zuwena, afariki. Anataka sura ya marehemu ukutani kabla ya Ramadhani. Picha hana, mkewe hakupata kupigwa. Atanieleza uso kwa maneno, mimi nichore. Nikakubali. Mjinga mimi. Uso ule naujua.

Jumanne, 5 Machi
Niandike, labda moyo utatua. Miaka mitatu nyuma Bi Zuwena alikuja hapa kwangu Mkunazini, amefuatana na shangazi yake. Akafunua buibui, akakaa kitini. Alitaka kumpa mumewe zawadi asiyoitazamia. Alikuja mara mbili tu, kisha akaogopa maneno ya watu. Aliniapisha nisiseme. Shangazi naye keshakufa. Picha, nusu kazi, imo uvunguni mwa kitanda changu. Nyuma yake aliandika mwenyewe: Kwa mume wangu.
Mke wa mtu kunifunulia uso! Nani atasikiliza mengine?

Alhamisi, 7 Machi
Bwana Nassor amekaa saa mbili akieleza. Macho makubwa. Pua nyembamba. Mkono wangu ulitaka kwenda mbio, nikauzuia. Pua nimeikosea makusudi mara mbili ili anisahihishe. Nauogopa mkono wangu kuliko ninavyomwogopa yeye.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesali msikiti wa mbali, nisikutane naye. Niliporudi nikaichoma ile picha uani, pamoja na matambara ya tapentaini. Iliwaka upesi. Jirani akauliza harufu gani ile. Nikasema matambara.
Nimepumua.

Jumapili, 10 Machi
Nimemaliza. Sijapata kuchora vizuri hivi. Bwana Nassor alisimama mbele ya turubai akalia. Kisha akainama karibu. Nikafuata macho yake. Chini ya sikio la kushoto, kidoti cheusi.
Nimekitia lini? Hakunieleza kidoti. Mahali pale buibui hupafunika, na nyumbani ukaya wa kichwani hupafunika. Alichukua bakora yake akashuka ngazi.

Jumatatu, 11 Machi
Sijala. Kila hatua ngazini naona ni yake. Khati ya mkewe anaijua. Maneno matatu yale ya nyuma ya picha yangemtosha. Nimechoma kilichokuwa cha kuniokoa mimi na kumsafisha marehemu. Zimwi likujualo, wanasema, halikuli likakwisha. Langu mimi nimelilisha kwa mikono yangu.

Jumatano, 13 Machi
Amekuja baada ya alasiri. Hakukaa.
"Kidoti kile sikukwambia," alisema.
Nikamweleza yote: shangazi, zawadi, maandishi.
"Iko wapi hiyo picha?"
"Nshaichoma, Bwana."
Alinitazama sana. Nilijua mtu mwongo angesema hivyo hivyo.
"Kifute," akasema. "Kile nalikuwa nnakijua mimi peke yangu."
Nimekifuta mbele yake, kwa brashi nyembamba. Safari hii mkono ulinitii. Sura imebaki nzuri, lakini si Bi Zuwena tena. Naye ameliona hilo. Akaifunika kwa kanga ya marehemu aliyokuja nayo, rangi ikiwa mbichi, akaichukua.
Hakusema kama ameniamini.