Kura ya Rafadha

Jumatatu, 6 Januari 1975
Rafadha ya boti imevunjika! Mapanga mawili yameng'okea kwenye kisiki, na wakati wenyewe ndio huu maji ya mto Ugalla yanapanda. Na kule kambini, mto unakoteremkia, wapo warina asali wetu wanne, mke wangu Pelagia mmojawapo, pamoja na mapipa ya msimu mzima. Unga wao umekwisha. Mtumbwi hauwezi mkondo huu. Kesho nadandia lori la tumbaku kwenda Tabora.

Jumanne, 7 Januari
Tabora, mtaa wa Mtendeni, dukani kwa Darwesh — yuleyule niliyemwita mnyonyaji gazetini. Mara mbili.
"Karibu, bwana wa magazeti. Leo mnyonyaji ana faida gani?"
Nikamjibu kwamba maneno yangu yako palepale, na rafadha naitaka. Akacheka mpaka akakaa.
Anazo mbili zinazoingia kwenye mashine yetu. Moja ya shaba, inang'aa, mapanga yamekaa mshazari mkali. Nyingine ya alumini, mbaya kwa sura, mapanga yamelala. Nikakaa juu ya gunia la chumvi na kitabu cha mashine, nikasoma mpaka nikaona mwanga: ni gia! Lori lililojaa tumbaku halipandi mlima kwa gia ya nne. Boti yenye mapipa, ikipanda mto, inataka mapanga yaliyolala. Nilitaka kumkumbatia mtu, na aliyekuwa karibu ni Darwesh tu. Kanipa zote mbili kijiji kichague, isiyochaguliwa irudi.

Jumatano, 8 Januari
Mkutano wa kijiji. Nimehutubia hasa: gia, mlima, mkondo, uzito. Masolwa, nahodha wetu, akainua ile ya shaba, jua likaipiga, hotuba yangu ikafa.
"Ndugu katibu, wenzetu wana njaa. Tunataka ya kufika leo au ya kufika Pasaka?"
Mikono kwa shaba: msitu. Kwa alumini: mimi na mzee Lukumani, naye nadhani alikuwa anajikuna.
Nani aliyekifundisha kijiji hiki kwamba hata msumari haununuliwi bila kura? Mimi. Nilimng'oa mwenyekiti mzima kwa kuwa alinunua mabati bila kura!
Azimio: alumini irudi dukani kwa lori la jioni. Lori limepita. Alumini imo kwenye mfuko wangu wa magazeti.

Alhamisi, 9 Januari, kambini
Tumeteremka mbio, Masolwa akiimba. Mkondo ndio uliotusukuma, lakini nani wa kumwambia? Pelagia mzima, amekonda. "Baba Raymundi, umeleta unga au hotuba?" Kanilambisha asali kwa kidole, mbele ya watu.
Wamekula. Tumepakia. Mashine inakoroma, maji yanachemka nyuma, boti palepale. Kisha inarudi nyuma. Moshi. Masolwa ameizima, ameifunga boti mtini. Haimbi tena. Petroli ya safari mbili hatuna. Anasema tushushe mapipa, tuyaache. Maji yameshafika kwenye mafiga ya kambi.
Naandikia humuhumu botini. Mfuko uko magotini. Nikiufungua, nimevunja azimio la watu mbele ya watu wenyewe. Nisipoufungua —
Nimesimama. Ndugu wanakijiji, nimesema, lipo jambo la kupigiwa kura.
Pelagia anautazama mfuko. Panga moja limechungulia nje.
Mkono wake uko juu. Jambo lenyewe sijalitaja.