Ruta ya Shangazi na Nakala ya Mkuu

Jumamosi, 6 Juni

Fundi wa kamera amekuja, amekunywa chai, ameondoka. Kamera mbili: moja barazani, moja uani. Sababu ni sandali. Tangu mwezi jana sandali za shangazi zinapotea barazani, tena moja moja, daima ya kushoto. Shangazi ana hakika ni mtu mwenye chuki naye. Mimi sina hakika na lolote.

Akiwa mlangoni fundi akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, kwamba picha hupita mbali kabla ya kufika kwenye simu. Mbali wapi? Akanyoosha kidole dirishani. Tangu hapo shangazi anajifunika mtandio ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nimeagizwa nirekebishe. Ati mimi ndiye msomi. Cheti changu ni cha utunzaji wa majalada!

Jumapili, 7 Juni

Nimesoma kutwa. Nilivyoelewa: kamera haijui njia. Kila ikitaka kutuma picha inauliza, jina hili linakaa wapi? Ruta, kile kifaa kinachotugawia intaneti, inapeleka swali kwa mtoa anwani – ndiyo hiyo DNS – naye anajibu. Simu zetu vilevile. Maana yake mtoa anwani anajua kila mlango tunaobisha. Kila mlango! Nimelazimika kujilaza kidogo.

Dawa ni DNS ya binafsi: unamchagua mtoa anwani mwenyewe, na maswali yanafungwa yasisomwe njiani. Ila umchague nani? Nimechora jedwali. Wa kwanza ana kasi, hasemi anaweka nini. Wa pili anazuia matangazo, pamoja na mchezo wa karata wa shangazi. Wa tatu hatunzi kumbukumbu kabisa – na mimi, karani wa masjala, nimwamini mtu asiyetunza kumbukumbu? Nimemchukua wa nne. Anatunza siku saba tu, na kila asubuhi anatuma ripoti. Ripoti! Roho ikatulia.

Nimejaza fomu taratibu, kama kazini. Vifaa nimevipa majina: Kamera ya Baraza, Kamera ya Ua, Simu ya Shangazi, Simu Yangu. Nimesoma kila mstari mara mbili ndipo nikabonyeza.

Jumatatu, 8 Juni

Ripoti ya kwanza. Kamera ya Baraza imeuliza njia mara elfu nne. Jina lilelile! Inasahau. Nimeihurumia.

Simu ya Shangazi: tovuti ya wachumbawalioiva, mara sitini na mbili. Nilifunga ripoti haraka. Ni mjane kwa miaka tisa sasa, ana haki zake. Lakini wakati wa chai nilitazama kikombe tu.

Simu Yangu: jebosiananichukia, mara kumi na nne. Ni mtihani wa maswali ishirini. Narudia nikitumaini jibu litabadilika. Ijumaa muda wangu wa majaribio kazini unaisha – Mkuu wa masjala ataamua nithibitishwe au nirudi nyumbani kuwa msomi wa ruta.

Angalau haya yote yako salama. Hakuna anayeona ila mimi.

Jumanne, 9 Juni

Nimepishana na Mkuu kwenye korido. Akasema nakala ameiona, niendelee hivyohivyo. Nakala ipi? Wiki hii nimeshatoa kama hamsini. Nikasema asante mzee. Nimefurahi hadi nimegonga mhuri kichwa chini.

Jumatano, 10 Juni

Ile nakala nimeijua.

Mkuu ameniita, akanipa karatasi tatu zilizochapwa, kila moja na alama ya wino mwekundu. Zipokelewe, akasema, zifunguliwe jalada. Nilipofika mezani ndipo nikasoma. Kamera ya Baraza, mara elfu nne. Simu ya Shangazi. Simu Yangu.

Nimekumbuka. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku: wengine wa kupata ripoti. Na mkono huu, ambao kwa miezi sita umeandika chini ya kila barua "Nakala: Mkuu wa Masjala", ukaandika imeli ya Mkuu. Nikasoma mara mbili. Nikaona sawa!

Ningefanyaje? Karatasi ikishaingia masjala haitoki. Nimelifungua jalada mwenyewe, nimelipa namba, nimepanga kurasa. Jalada langu! Pembeni mwa jebosiananichukia Mkuu ameandika: "Jibu lilikuwaje?" Swali la Mkuu hujibiwa chini yake, kwa saini. Nimeandika: "Linasubiriwa."

Alhamisi, 11 Juni

Nimetaka kuondoa imeli yake. Fomu inasema anayeondolewa atajulishwa. Atajulishwa! Nimeiacha.

Nimeizima simu yangu, nimemwomba shangazi naye aipumzishe yake. Amesema anasubiri ujumbe wa mtu fulani, mzito kujibu. Ripoti ya leo: wachumbawalioiva, mia na kumi. Mkuu ameipigia mistari miwili.

Ijumaa, 12 Juni

Barua za kuthibitishwa kazini zimetoka. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Gundi kwa kuwa habanduki kitini, amepata. Mimi sijapata. Gundi akasema labda yangu iko njiani. Njia ipi? Kutoka meza ya Mkuu ni hatua sita!

Mkuu ameondoka mapema, jalada langu kwapani. Kwenye daftari la kuazima ameandika: "Kwa hatua zaidi."

Jumamosi, 13 Juni

Mkuu yuko barazani kwetu!

Nimejifungia chumbani, nimewasha simu tena, namtazama kupitia kamera. Amevaa koti. Viatu amevua mlangoni. Jalada liko magotini, na juu yake daftari la kukabidhi barua. Shangazi hana mtandio. Ana wigi jipya.

Dirisha liko wazi, nasikia kila neno. Mkuu amekohoa, kisha kwa heshima zote:

"Samahani mama, wewe ndiye Simu ya Shangazi?"

Shangazi amecheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia humu ndani. Mkuu akataja jina analotumia yeye mwenyewe kule kwenye wachumbawalioiva.

"Kumbe ni wewe unayechelewa kujibu!" shangazi akasema.

Mkuu akaeleza kwamba kila ujumbe huufungulia jalada kwanza.

Hapo nikachanganyikiwa. Nimefuta akaunti yote ya DNS, jina, vifaa, ripoti, kila kitu. Na sasa kamera haina wa kumuuliza njia. Picha imeganda. Shangazi kichwa nyuma, anacheka. Mkono wa Mkuu umenyooka, umeshika bahasha ya kahawia. Na chini kabisa kwenye kona, mbwa wa jirani, mdomoni kiatu cha Mkuu. Cha kushoto.

Bahasha ya Gundi ilikuwa rangi gani? Sikumbuki!

Mkuu ananiita. Barua haikabidhiwi bila saini.

"Karani! Njoo utie saini. Na uje na kalamu."

Nikitoka sasa hivi mbwa atakuwa hajafika mbali. Nyumba nzima kalamu ni moja, na ni hii ninayoandi–