Ewoi Uliokatwa Nikiwa Lodwar

S.L.P. 48,
Kakuma.
16 Februari 2025

Mpendwa kaka Erupe,

Ejok! Hujambo wewe, na wifi yangu Abei hajambo? Watoto je, kile kikohozi cha baridi ya Thika kimewaachia? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake hauna maradhi yoyote, kama utakavyoona.

Nimeandika barua kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia uko kazini, nikikutumia ujumbe unanirudishia kidole gumba. Hii nampa kondakta wa basi pamoja na matunda ya edapal yaliyokauka, Mama amewaokotea watoto. Waambie wasimeze mbegu.

Sasa nina hasira na sitaificha. Binamu yetu Losike amekata ewoi, ule mgunga mkubwa uliokuwa ukitia bustani yangu kivuli ukingoni mwa laga, mto wetu mkavu. Mimi nilikuwa nimekwenda Lodwar kutafuta mbegu za kunde. Niliporudi nikapitia bustanini kabla hata ya kufika nyumbani, na pale pa mti nikakuta mbingu tupu. Losike alikuwa anafukia magogo kwa mchanga ayachome makaa. Nikamuuliza nani kamruhusu. Akajibu bila haya, "Erupe mwenyewe alinipigia. Alisema hiyo kivuli ndiyo inamaliza sukuma."

Kaka, uliona picha niliyokutumia, sukuma nyembamba ziko kivulini, ukaamua. Kwa picha! Huko kwenu mnapunguza matawi ili jua liingie shambani. Hapa nani amewahi kulikaribisha jua? Sukuma zilikuwa nyembamba kwa sababu ya wadudu, na nilishaanza kuzinyunyizia maji ya majivu. Ungeniuliza ningekwambia.

Sasa ikifika saa nne asubuhi zimelala zote. Mchicha umetoa maua ukiwa mfupi kama kidole. Zile kunde za Lodwar hazikuota hata moja, mchanga umezipika. Nikafunga neti ya kivuli, upepo ukaichana siku hiyo hiyo. Yar, yule mama wa kambini ninayelima naye, alisimama akatazama akasema, "Akoru, hapa si shamba tena, ni jiko." Nilicheka, kisha nikalia mbele yake. Yeye mgao wa chakula umepunguzwa, na mboga hizi ndizo alizokuwa anategemea kwa watoto wake.

Lakini mboga nitapanda tena. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile ni ekwar, miti ya familia yetu tangu enzi za babu. Kiangazi kama hiki, jirani yeyote huja kumwomba Mama kabla ya kutikisa maganda kwa ajili ya mbuzi wake. Hata chifu huja kuomba. Wewe mtoto wake wa kumzaa hukumwomba, uliagiza tu. Mbuzi wetu bado wanakwenda pale kila mchana, wanasimama wakitazama juu. Mama hawezi kuwaangalia, anaingia ndani.

Jumatatu Losike akarudi na shoka kwa ewoi wa pili, ndio uliobaki. Alidai ruhusa yako ilikuwa ya miti yote miwili. Nilikupigia pale pale mbele yake, nikapiga tena na tena, hukushika. Alikuwa ameshavua shati. Ndipo Mama akaja na goti lake hilo, akawaita majirani, akasema wote wakisikia, "Erupe hana mti hapa. Hii ekwar nimepea Akoru. Mtu akitaka hata tawi, aombe yeye." Losike akavaa shati lake akaenda zake.

Majirani walinipa mkono. Mimi sikufurahi, kaka, na nataka ujue hilo. Ekwar mtu huipata baada ya kuzika. Wewe uko hai, unakula, unatuma vidole gumba, na mimi nimeshakurithi.

Mpigie Mama. Usimweleze habari za sukuma wala za picha. Mwombe tu.

Nisalimie wifi Abei, umwambie yale mafuta aliyotuma yalimfaa Mama sana. Yar naye anawasalimu. Mungu awalinde huko, awape afya na kazi, na mvua itukumbuke sisi huku.

Mama anamsalimu Abei, na anawasalimu watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Nilishika kalamu nikangoja aongeze jina lako. Nimengoja mpaka kondakta ameanza kuniita.

Dada yako akupendaye hata leo,
Akoru